Mteremko Usiolazwa Nyasi

Habari za Bonifasia niliwahi kuziandika mara moja, nikiwa kazini. Zilikuwa nusu ukurasa katika kijarida cha mradi, pamoja na picha yake akiwa amebeba bomba la kupulizia dawa mgongoni, uso ameugeuzia pembeni kwa sababu jua lilikuwa likimwumiza macho. Chini ya picha niliandika kwamba mama huyu mjane, mkulima wa kijiji jirani na Litembo, amepunguziwa mzigo wa kazi kwa zaidi ya nusu. Hakuna neno la uongo katika nusu ukurasa ule. Nimeusoma tena mara nyingi nikiutafuta uongo, kwa kuwa kama ningeuona ningejua pa kuanzia kujilaumu. Sasa naziandika upya, kwa urefu, na sina hakika kama mara hii nitakuwa mkweli zaidi au nitakuwa tu na maneno mengi zaidi.

Alizaliwa ng'ambo ya bonde, katika nyumba ya katekista mwenye mabinti sita, na akaolewa na Xaveri akiwa na miaka kumi na tisa. Xaveri alikuwa mrefu, mpole, mwenye kigugumizi kilichotoweka pale tu alipoimba kwaya. Mali yake ilikuwa mteremko mmoja alioachiwa na babu yake, ekari mbili na kitu, mkali kiasi kwamba mgeni akisimama juu yake hutafuta cha kushika. Chini ya mteremko kulikuwa na chemchemi ambayo nyumba saba zilichota maji. Wazee wa ukoo walihesabu vizazi vinne vilivyoulima mteremko ule, na katika vizazi vyote hivyo udongo wake haukuwahi kuporomoka. Sababu ilikuwa ngoro.

Msomaji asiyeifahamu milima ya Umatengo anahitaji maelezo machache. Mwezi wa pili, nyasi ndefu zilizoota shambani hufyekwa na kuachwa zikauke. Kisha hulazwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, mpaka mlima mzima unaonekana kama uliotandikwa wavu. Katikati ya kila tundu la wavu udongo huchimbwa kwa jembe na kutupwa juu ya nyasi, hivyo nyasi huzikwa ndani ya matuta, na katikati hubaki shimo. Hayo mashimo ndiyo ngoro. Maharage hupandwa kwenye matuta mwezi wa tatu, na mahindi mwisho wa mwaka. Mvua ikinyesha, kila shimo hunywa maji yake, na nyasi zilizozikwa huoza polepole huku zikiwa zimeushika udongo kwa ndani. Mimi nilifundishwa haya chuo kikuu, katika mhadhara wa saa moja, na mwalimu aliyetoka nchi ya mbali kuja kuipima milima ya kwetu. Mama yangu mzazi aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, katika shamba lake nje ya mji wa Mbinga, na sikuwahi kumwuliza.

Kazi ya ngoro ina mgawanyo. Kufyeka na kulaza nyasi ni kwa mwanamume. Kuchimba na kufukia ni kwa mwanamke. Katika ukoo wa kina Xaveri mgawanyo huo ulibeba jambo jingine, ambalo mimi niliyekulia Mbinga mjini nilikuja kulijua nikiwa nimechelewa. Mwanamume anayelaza nyasi ndiye anayetangaza kwamba mteremko una mwenyewe. Akifa, ndugu yake humlazia mjane, na kwa kufanya hivyo ukoo unasema kwamba mama huyu bado ni wetu na shamba bado ni lake. Mjane akilaza nyasi kwa mikono yake, ni sawa na kumtangaza shemeji yake kuwa marehemu. Hapakuwa na aliyeliandika hilo popote, lakini pia hapakuwa na mwanamke katika ukoo ule aliyewahi kulifanya.

Bonifasia alizaa watoto wanne. Wavulana watatu walizikwa kabla ya umri wa kwenda shule, wote katika kiwanja kimoja cha makaburi ya ukoo, juu kidogo ya nyumba. Alibaki Luisa, ambaye aliolewa ziwani, Ngumbo, na mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa lile, aitwaye Zabron. Hivyo Xaveri alipofariki kwa ugonjwa wa ini, mkewe akiwa na miaka hamsini na minne, hapakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama juu ya mteremko. Kama shamba lile lingeendelea kuwa la Bonifasia au la, lilikuwa jambo lililobaki mikononi mwa shemeji yake Wilfred.

Wilfred hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nilipoanza kuandika nilitamani awe mbaya, na nilipoteza siku mbili nikijaribu kumfanya hivyo. Alikuwa na kahawa yake ya kupalilia, goti lililovimba kila masika, na wana wawili ambao zamani wangeshika mundu pamoja naye, mmoja sasa akiendesha bodaboda Mbinga na mwingine akifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka wa kwanza baada ya msiba alilaza nyasi za shemeji yake vizuri na kwa wakati. Mwaka wa pili alilaza wiki tatu baada ya wakati, na maharage yalikamatwa na kiangazi yakiwa bado maua. Mwaka wa tatu alifyeka na kulaza nusu ya chini tu ya mteremko, akasema atarudi.

"Kesho kutwa, shemeji," alimwambia kila walipokutana kanisani.

"Sawa, shemeji. Goti linaendeleaje?"

"Linanisumbua. Lakini kesho kutwa."

Siku ya ngokela, yaani siku ambayo majirani huja kusaidiana kulima na mwenye shamba huwapikia na kuwawekea pombe, wanawake kumi na mmoja walipanda mteremkoni na majembe yao wakakuta nusu ya juu nyasi zimesimama, zinapepea. Beata, jirani wa nyumba ya chini, mwanamke mfupi asiyeweza kukaa kimya, aliweka jembe begani akaziangalia.

"Mama Luisa, tuchimbe tufukie nini huku juu? Upepo?"

"Chimbeni huku chini. Kule shemeji atakuja."

"Shemeji yako anakuja kama Noeli, mara moja kwa mwaka, na zawadi hatuzioni." Wanawake wakacheka. "Lete mundu nifyeke mimi."

"Beata, usinitafutie maneno."

"Natafuta nyasi, sio maneno."

Bonifasia hakutoa mundu. Walichimba nusu ya chini, wakanywa pombe, wakaondoka mapema. Nusu ya juu ilibaki bila kulimwa mwaka ule, na Wilfred, ambaye tayari alikuwa amepanda mikaratusi kwenye mteremko wake wa jirani, alisikika akisema mbele ya watu kwamba ardhi inayokaa bure ingefaa ipewe miti.

Hayo yote yalikuwa yametokea nilipofika mwaka uliofuata na gari la mradi, mabomba kumi na mawili ya mgongoni na makasha ya dawa ya kuua magugu. Mradi ulikuwa na lengo ambalo hata leo siwezi kulibeza. Wanaume walikuwa wanaondoka milimani na wanawake wanabaki na kazi za watu wawili. Sisi tungempa mwanamke chombo cha kumaliza kwa asubuhi moja kazi ya kufyeka ya siku kumi. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nimetoka kwenye ualimu uliokuwa umenichosha, na niliamini nimepata hatimaye kazi yenye manufaa kwa watu wa kwetu.

Tulikutana na akina mama nje ya kigango. Nilisalimia, nikaitikiwa, nikaonyesha namna ya kupima dawa na kuchanganya na maji, namna ya kufunga kitambaa puani, namna ya kutembea upepo ukiwa mgongoni. Kisha nikaomba mmoja ajaribu kulibeba bomba likiwa na maji matupu. Akasimama Bonifasia.

"Tazameni," alisema Beata, "mwenzetu kabebeshwa mtoto asiyelia."

"Na akilia?" aliuliza mwingine.

"Akilia mrudishie baba yake, si huyo hapo, mwenye kalamu mfukoni."

Walicheka, na mimi nikacheka. Bonifasia hakucheka. Alizunguka na lile bomba, akarudi, akanitazama kwa namna ya mtu anayepima kitambaa sokoni.

"Mwanangu, nikipuliza dawa hii, nyasi zikafa, inahesabika nani kafyeka? Mwanamume au mwanamke?"

Nilidhani ananitania kama wenzake. "Dawa haina mume wala mke, mama."

"Basi hakuna wa kukasirika," akasema.

Niliiandika sentensi hiyo katika daftari langu la kazi na baadaye niliisoma katika mkutano wa mradi Songea kama ushahidi kwamba teknolojia yetu inavunja mgawanyo wa kazi unaomkandamiza mwanamke. Watu walipiga makofi. Sikuwa nimeelewa hata kidogo. Bonifasia hakuwa anavunja chochote. Alikuwa amepata njia ya kulima mteremko wake wote bila kumwomba Wilfred tena, na bila kumwaibisha kwa kulaza nyasi mwenyewe. Dawa ile ilimpa amani na shemeji yake, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya aichukue. Mwanamke wa mahali pengine, asiyebeba heshima ile, labda angechukua mundu tu na mambo yakaisha.

Mwaka wa kwanza wa dawa mteremko wote ulilimwa. Nyasi zilikauka zikiwa zimesimama, zikavunjikavunjika, wanawake wakachimba ngoro juu ya mabaki yake bila mtu kuzilaza katika mistari. Kwa nje matuta yalikuwa yale yale. Maharage yalizaa vizuri, na ndipo nilipopiga picha ile ya kijarida. Wilfred naye alipita siku hiyo, akasimama kando ya njia akiegemea fimbo, akaniambia kwa dhati kabisa, "Umenisaidia, bwana shamba. Kila nikimwona shemeji nilikuwa najisikia vibaya." Nilimwamini, na bado namwamini.

Katika mafunzo yetu ya awali kulikuwa na kipengele kimoja kilichonitia wasiwasi. Dawa ile haiui majani pekee, huenda mpaka kwenye mizizi, na nyasi za milima ile ni za kudumu, huota tena kutoka kwenye mashina yake. Zikifa mizizi hazirudi mapema. Nakumbuka nilitaka kuuliza ngoro zitajengwa na nini mwaka wa pili na wa tatu. Ninachoshindwa kukumbuka ni kama niliuliza. Zipo siku naisikia kabisa sauti yangu ikiuliza katika ukumbi ule, na mkufunzi akijibu kwamba jambo hilo litafanyiwa utafiti. Zipo siku nyingine najua kwamba niliandika swali pembeni mwa karatasi, kisha ikaja chai.

Mwaka wa pili nyasi hazikuota ila kwa mafungu, na mahali pake palishikwa na magugu mafupi yenye maua ya zambarau yanayong'oka kwa vidole viwili. Bonifasia alinipigia simu kwa simu ya Beata. Nilimkuta amechuchumaa kwenye tuta, amelifungua kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone. Weka mkono humu."

Niliweka. Udongo ulikuwa laini, mkavu, ukamwagika kama unga.

"Zamani ukiweka mkono hapa unakutana na nyasi, za moto kidogo, zinaoza," alisema. "Sasa hamna kitu. Zitarudi lini?"

"Zitarudi, mama."

"Lini?"

"Zinahitaji muda. Ungeupumzisha mteremko miaka miwili, mitatu, zingerudi." Hilo, angalau, lilikuwa kweli, na hata mababu walikuwa wakiipumzisha milima yao.

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Nikiupumzisha, Wilfred ataweka miti. Ataniuliza kwanza, kwa adabu, nami nitakosa la kumjibu kwa sababu shamba litakuwa limelala. Mimi siwezi kupumzisha, mwanangu. Anayepumzisha ni mwenye mume au mwenye mtoto wa kiume."

"Basi mwombe akulazie. Nyasi tunaweza kuzileta kutoka bondeni."

"Miaka miwili sijamwomba. Nikimwomba leo, nitakuwa namwambia alikosea kunyamaza."

Nilipaswa kuondoka pale niende moja kwa moja kwa Wilfred. Nilifikiri juu ya hilo nikiwa garini, na nikajiambia kwamba mambo ya ukoo hayamhusu mtumishi wa mradi. Nilimwachia Bonifasia chupa mbili za dawa zilizokuwa zimebaki. Mwaka wa tatu alipulizia tena, ingawa hapakuwa na nyasi za kupulizia ila magugu yale ya zambarau, na wanawake wakachimba matuta ya udongo mtupu.

Mvua za mwaka ule watu wa milimani wanazikumbuka. Zilianza mapema, hazikupumzika Februari kama kawaida, na wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi zilinyesha siku nne mfululizo. Mimi nilikuwa Mbinga. Beata ndiye aliyenisimulia, nilipofika siku ya sita, baada ya njia kupitika kwa pikipiki.

"Alipanda asubuhi na jembe," alisema. "Ngoro za juu zilikuwa zimejaa hadi ukingoni. Akawa anakata matuta kwa pembeni, apunguze maji. Nikamwita, mama Luisa, shuka. Akasema nakuja, namalizia mstari huu. Sasa shimo moja la juu kabisa likapasuka. Maji yakaingia la chini yake, nalo likapasuka, na la chini yake. Tu, tu, tu. Kama mtu anayeshuka ngazi. Mimi sikuwahi kuona udongo unatembea."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Pembeni. Mungu alimweka pembeni. Tulipomfikia alikuwa amekaa chini, jembe limechukuliwa. Hakulia. Alisema tu, chemchemi."

Chemchemi ilikuwa imezikwa. Nilisimama juu ya mteremko nikaona mwamba mwekundu uliovuliwa udongo wake, kuanzia theluthi ya juu hadi bondeni. Kando zake, kwenye mashamba ya majirani wawili ambao bado walikuwa wakilaza nyasi, ngoro zilikuwa zimetulia, kila moja na maji yake ndani. Mtu yeyote, hata asiyesoma, angeweza kulinganisha.

Wazee wa ukoo waliitisha kikao baada ya Pasaka, nyumbani kwa baba mkubwa wa Xaveri, mzee wa miaka themanini na zaidi aliyekuwa akisikia kwa sikio moja. Niliomba niwepo. Nilitaka kueleza kwamba kosa lilikuwa la mradi, na kwamba mjane asinyang'anywe shamba kwa sababu yake. Nilikuwa nimeandaa maelezo kwa karatasi mbili. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake mlangoni, na Bonifasia kwenye mkeka kati yao, amejifunga khanga mpya.

Wilfred aliongea kwanza, akiangalia mikono yake. "Simfukuzi shemeji. Nyumba ni yake, na migomba nyuma ya nyumba ni yake hadi siku Mungu atakapomwita. Lakini mteremko umekufa. Nyumba saba hazina maji na zinanilaumu mimi, si yeye. Naomba niweke miti, ishike udongo uliobaki." Akanigeukia. "Nyinyi wataalamu si mnasema miti inashika udongo?"

Nilikuwa nimesema hivyo, kijijini pale pale, katika semina ya mwaka wa kwanza wa mradi.

"Goti lako lilipona vizuri harusini kwa Mapunda," Beata alisema kutoka mlangoni. "Ulicheza mpaka suruali ikapasuka. Kulaza nyasi ndiko linakouma."

Watu walicheka, hata Wilfred kwa shida.

"Beata, hujaulizwa," mzee alisema.

"Ndiyo maana nasema, baba. Nikingoja kuulizwa nitakufa bubu."

Mzee alisubiri kicheko kiishe, akanielekezea sikio lake zima. "Bwana shamba, wewe si wa ukoo huu, huna upande. Tuambie. Tangu Xaveri afariki, mteremko ule umelazwa nyasi miaka mingapi?"

"Mzee, naomba nieleze kwanza jinsi..."

"Utaeleza. Nijibu kwanza."

"Miwili, mzee. Na nusu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ulipuliziwa dawa miaka mitatu, na dawa hiyo sisi ndio..."

"Sijauliza dawa. Ulilazwa nyasi?"

"Haukulazwa."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, na nilielewa wakati ule ule kwamba jambo limekwisha. Mteremko uliokaa miaka mitatu bila mwanamume wa ukoo kuulaza nyasi ni mteremko ulioachwa. Niliruhusiwa kusoma karatasi zangu mbili. Nilieleza mizizi, mmomonyoko, wajibu wa mradi. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, kama watu wanavyosikiliza tangazo la msiba wa kijiji kingine. Nilipomaliza, mzee alimwuliza Bonifasia kama ana neno.

"Sikutaka kumwaibisha shemeji yangu," alisema.

Wilfred aliinamisha kichwa. Sidhani kama mpaka siku ile alikuwa ameelewa kwa nini hakuombwa tena. Mwezi uliofuata alipanda miche ya mikaratusi, na nilisikia kwamba alichimba mashimo yake mwenyewe, na goti lile lile, bila kuita mtu wa kumsaidia.

Bonifasia aliishi mwaka mmoja zaidi mlimani kwa kuchimba ngoro za watu wengine, akilipwa maharage. Kisha mgongo ukakataa, na Luisa akapanda kumchukua.

Nilimtembelea Ngumbo Oktoba iliyopita. Mradi ulikuwa umekwisha zamani, nimerudi kwenye ualimu, na nilikuwa nimeenda na bahasha. Wakili mmoja wa msaada wa kisheria mjini Songea alikuwa amenihakikishia kwamba sheria ya ardhi inamlinda mjane, kwamba mila ya ukoo haiwezi kumnyima shamba la mumewe, na kwamba nikikubali kuwa shahidi kesi ina nguvu. Nilikuwa nimekubali. Nilihitaji saini yake tu.

Nilimkuta ufukweni, nyuma ya nyumba ya Zabron, anageuza usipa juu ya kichanja. Alikuwa amekonda, na alitembea kwenye mchanga tambarare kwa hatua za mtu asiyeiamini ardhi yake, mguu mmoja ukitangulia kama vile unatafuta mwinamo. Aliniitikia salamu, akaniuliza hali ya mke wangu, akaniketisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Niliona kwamba sahani yake ya chakula cha mchana ilikuwa kwenye kivuli cha jiko, peke yake. Mama mkwe hali pamoja na mkwewe wala hawatazamani usoni. Kwa kawaida hukutana mara chache kwa mwaka na adabu hiyo haimchoshi mtu. Yeye alikuwa akiishi nayo kila siku, katika uwanja wenye nyumba moja na jiko moja.

"Wananitendea vizuri," alisema kabla sijauliza. "Zabron ni mtu mwema. Masika mto ukileta maji mekundu, usipa wanakimbilia mbali, anarudi mikono mitupu, na hasemi neno. Mimi najua ule ni udongo wa wapi."

Nilimweleza habari ya wakili. Nilieleza polepole, na nilipomaliza nilisema pia lile nililokuwa nimelibeba miaka yote: kwamba nilijua, au nilipaswa kujua, kuhusu mizizi, na kwamba naomba msamaha.

Alitazama nyumba. "Usiniombe msamaha hapa, kwa sauti. Huku hawajui. Wanajua tu kwamba mvua ilichukua shamba."

"Samahani, mama. Na karatasi?"

Aliishika bahasha bila kuifungua. "Nikiweka saini, Wilfred anaitwa barazani."

"Ndiyo."

"Na nikishinda?"

"Shamba linarudi kwako. Miti itang'olewa."

"Na nikifa?"

"Kivipi, mama?"

"Xaveri amelala pale juu, na watoto wangu watatu," alisema. "Mimi si wa ukoo ule kwa kuzaliwa. Wa kunichimbia kaburi kati yao ni Wilfred na wanawe. Nikimpeleka barazani nitapata mteremko, na siku nikifa nitazikwa hapa mchangani, na watu wazuri, wageni." Alinirudishia bahasha, kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu alichoazimwa. "Aliniambia siku naondoka. Alisema, shemeji, nafasi yako ipo pembeni ya kaka, nimeweka mawe. Hilo hakulazimishwa na mtu kulisema."

Zipo hoja, na wakili angezijua. Nilikuwa nimekuja na moyo wa mtu anayelipa, na sasa nilikuwa namwomba mwanamke wa miaka sitini na mitano achague kati ya shamba na kaburi ili mimi nilale vizuri. Niliiweka bahasha mfukoni.

"Mkumbushe Beata anipigie simu," alisema. "Tangu Kwaresima hajanipigia."

Nilisema nitamwambia. Wakati huo Zabron alitokea upande wa ziwani, beseni kichwani, akija kwetu kwa njia ya mchanga. Bonifasia alijitanda khanga usoni, akainuka kwa kushika kichanja, akazunguka nyumba kwa upande wa pili, mpaka nisimwone.